Mama Kai, Aliyetuchelewesha kwa Makusudi

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Pascalia Kafedha Kenga anastaafu baada ya kuitumikia Kampuni ya Burudani ya Zumari kwa miaka thelathini na mmoja. Anaondoka akiwa Mkurugenzi wa Usambazaji. Kwetu sisi wa hapa Magongo yeye ni Mama Kai, kwa jina la kifungua mimba wake. Kwa watu wa nje ni yule mama aliyeichelewesha Zumari kuingia mtandaoni. Jarida letu liliponiomba niandike wasifu wake nilikubali kwa sharti moja: kwamba hilo la pili sitaliombea radhi.

Alizaliwa Kaloleni, akalelewa Mikindani, ambako baba yake alikuwa mpakuzi wa mizigo bandarini. Alijiunga na Zumari mwaka 1994 kama mpokea simu. Wakati huo kampuni yote ilikuwa studio moja juu ya duka la misumari na rangi, tukirekodi kwaya na michezo ya kuchekesha kwenye kanda. Simu yenyewe ililia mara chache. Ilipokuwa kimya, Mama Kai alijaza kanda kwenye kikapu, akashuka barabarani kuwauzia mafundi wa gereji na madereva wa malori. Bosi wa wakati huo alimkaripia kwa kuacha meza yake, kisha akaona kikapu kimerudi kitupu, akamwambia kesho aende na viwili.

Watu husema alikuwa mwoga wa mambo mapya. Uongo mtupu. Diski zilipokuja, yeye ndiye aliyewashawishi wakubwa waache kanda wakati kanda bado zinauzika. Zumari ilipopata kituo chake cha runinga, na mitambo ya zamani ya kurushia matangazo ikazimwa nchini kote, yeye ndiye aliyezunguka Changamwe na Jomvu na kipaza sauti akiwafundisha watu kuunganisha ving'amuzi. Kule Mikindani fundi wetu aliogopa kupanda paa la kanisa moja. Mama Kai akavua viatu, akafunga leso juu ya sketi, akapanda mwenyewe huku mchungaji akikemea pepo wa kuanguka. Picha ilipotokea, waumini walipiga vigelegele, na fundi akajifanya anatafuta bisibisi.

Mimi natoka Bungoma, na Kiswahili changu nilikinoa kwake. Tangazo langu la kwanza niliandika kwa herufi kubwa: "Usikose kukosa!" Lilikwisha kubandikwa toka Magongo hadi Likoni alipoliona. Aliniita taratibu. "Wafula, mwanangu, umewaambia watu wahakikishe hawaji." Tulizunguka pamoja tukiyabandua, yeye akicheka, mimi nikitamani ardhi inimeze.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Mwaka 2018 tulipata Mkurugenzi Mkuu mpya, Bwana Brian Randu. Alikuwa kijana mwenye akili na haraka, na haraka yake haikuwa ya bure. Kila mahali kampuni za burudani zilikuwa zikihamia mtandaoni, mtu atazame anachotaka, saa atakayo, kwenye simu yake. Wataalamu wanauita utiririshaji. Mama Kai alikuwa akiuliza, "Kinachotiririka huishia wapi?" na hakuna aliyemjibu kwa sababu tulidhani ni utani.

Bwana Randu alituita kwenye ukumbi wa mikutano akatangaza kwamba kabla ya Pasaka Zumari itakuwa na programu yake ya simu, na michezo yetu yote, ya zamani na ya sasa, itakuwa humo. Tulipiga makofi. Mama Kai hakupiga.

"Mama Kai, mbona kimya?" Bwana Randu akamuuliza. "Wahenga walisema, chelewa chelewa utakuta mwana si wako."

Mama Kai alivua miwani. "Wahenga nawaheshimu, Bwana Randu. Lakini huyu mwana tunayetaka kumtoa nje, mbona wazazi wake hatujawauliza?"

"Wazazi gani?"

"Waigizaji. Wanakwaya. Mikataba yao inataja kanda, diski na runinga. Mtandao haumo. Ulikuwa haujazaliwa."

Mtu wa sheria alicheka kidogo. "Nani atakuja kudai?"

"Hata asidai mtu," alisema, "tutajua sisi."

Hakuishia hapo. Aliuliza nani atatazama. Mtu wa Mikindani akinunua bando la intaneti, alisema, anataka kumpigia mamake, atume picha ya mtoto, aulizie kibarua. Mchezo wetu mmoja utalimaliza bando lote kabla harusi ya kwenye hadithi haijafungwa. Akauliza tena: wenye maduka wanaouza diski zetu, na wenye viwanda wanaolipia matangazo kwenye runinga, wakisikia mali ile ile inapatikana simuni, watabaki kwa ajili ya nini? Na wakiondoka leo, na simu haijaanza kulipa, mishahara itatoka wapi? "Sikatai kuhama nyumba," alisema. "Nakataa kuvunja paa la zamani kabla ya kuezeka jipya."

Ukumbi ulinuna. Tangu siku hiyo vijana wa ofisini walimpa jina, Breki.

Bodi, hata hivyo, ilishtuliwa na lile la mikataba. Ikaamua kwamba hakuna kuzindua chochote mpaka waigizaji wakubali. Bwana Randu alikasirika, na kwa hasira akampa kazi hiyo yule yule aliyeisababisha. Mama Kai akatolewa kwenye idara ya usambazaji, akaitwa Mshauri wa Kumbukumbu, cheo ambacho hakuna mtu aliyewahi kuwa nacho, akapewa ufunguo wa stoo ya kanda na chumba kilichopakana na jenereta. Umeme ukikatika ilikubidi uzungumze naye kwa ishara. Alihama na picha za wajukuu zake. Alizipanga upya kwenye ukuta wa chumba hicho, akaanza kazi.

Wakati huo huo kampuni nyingine ya mjini ilituwahi. Ilizindua programu yake kwa muziki na fataki, na magazeti yakatuuliza sisi tumelala wapi. Baada ya muda ikawa kama alivyosema. Watazamaji walijaribu mara moja, bando likaisha, hawakurudi. Waigizaji walioonyeshwa humo bila kuulizwa walikwenda kwa mawakili. Matangazo yalikuwa yameshakimbia. Mlango ukafungwa kimya kimya, na wafanyakazi wake kadhaa walileta barua za kuomba kazi hapa kwetu. Mama Kai hakucheka. Alisema tu, "Wale ni watu wenye watoto. Tuwaone."

Katika waigizaji aliopaswa kuwatafuta, mmoja alikuwa na uzito kuliko wote: Mzee Jefwa, aliyecheza Mwinyi Hatoi, yule mwenye nyumba bahili ambaye wapangaji wake walikuwa wakimkimbia kila mwisho wa mwezi. Hakuna aliyekulia Pwani asiyemjua. Bila Mwinyi Hatoi, programu yetu ingekuwa sahani isiyo na wali. Alikuwa anaishi Mtopanga kule Kisauni, na kisukari kilikuwa kimeshamchukua macho. Nilimwendesha Mama Kai siku hiyo.

"Shikamoo, Mzee Jefwa."

"Marahaba. Hiyo sauti ni ya Kafedha. Zumari wamekutuma uje unizike?"

"Nimekuja kukuomba ruhusa."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Nimeombwa mengi. Watu hunisimamisha njiani kuniomba chumba cha kupanga, wengine niwapunguzie kodi. Ruhusa ndiyo leo."

Mama Kai alimweleza habari ya mtandao, polepole, bila kuipamba wala kumdanganya. Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Na nikikataa?"

"Michezo yako haiendi popote."

"Na wewe watakufanya nini?"

"Hilo si lako, Mzee."

Binti wa Mzee, Lynnette, alileta chai, akakaa pia. Kisha Mzee akauliza, "Kila mtu atakaponitazama, wanangu watapata chochote? Au ni ile ya kupewa soda na kupigwa picha?"

"Nitapigania. Siahidi kwamba nitashinda."

"Basi nenda ukapigane kwanza," Mzee Jefwa alisema. "Jibu langu utalikuta ukirudi."

Njiani kurudi tulivuka daraja la Nyali. Ndipo Mama Kai aliponigeukia: "Umemsikia? Ametupa kazi, siyo jibu. Na ana haki."

Alipigana. Kila alipoomba waigizaji wapewe fungu lao kwa kila anayetazama, aliambiwa Zumari haijawahi kufanya hivyo. Alijibu kwamba Zumari haijawahi pia kuwa mtandaoni. Mambo yakakwama hapo, hakuna ruhusa, hakuna fungu, hakuna uzinduzi, na corona ikaingia.

Nani amesahau? Kumbi tulikoonyesha michezo zilifungwa. Diski zilikuwa zimeshakufa. Wenye matangazo wakapotea. Mishahara ikakatwa nusu, na kila mtu akatafuta wa kumlaumu. Dunia nzima imefungiwa nyumbani inatazama simu, na sisi hatumo! Asubuhi moja tulikuta mlango wa Mama Kai umeandikwa kwa chaki, BREKI. Hakuufuta. Aliufungua, akaingia, akafanya kazi. Nilimuuliza kama hakuumia. "Nimeumia sana," alisema. "Lakini nikiufuta watajua wapi pa kunipiga."

Ndipo kampuni moja ya ng'ambo ilipoleta posa. Ilitaka kununua michezo yote ya Zumari, moja kwa moja, milele, iionyeshe itakako na jinsi itakavyo. Fedha zake zingetufuta machozi wote. Nasema kweli, tuliitaka. Nilikuwa na kodi ya nyumba na mtoto mchanga, na wenzangu walikuwa na zaidi. Kilichobaki ni stoo ya kanda kufunguliwa, na ufunguo ulikuwa kwake.

Aliitwa mkutanoni. Tulikaa mbali mbali, barakoa usoni, madirisha wazi.

"Ufunguo, Mama Kai," alisema Bwana Randu.

"Sitoi."

"Unajua hali ya watu hawa?"

"Naijua. Nami ni mmoja wao. Lakini ng'ombe uliyeachiwa umkame huwezi kumpeleka machinjioni. Hii si mali yetu peke yetu."

"Kwa hiyo wafe njaa?"

"Nataka wale leo na kesho. Tukiuza, leo tutashiba. Kesho tutakuwa wapangaji katika nyumba tuliyoijenga kwa mikono yetu, na mwenye nyumba yuko ng'ambo, hata ukibisha hodi hasikii."

Bwana Randu alisimama. "Naweza kukufuta kazi sasa hivi."

"Waweza. Andika barua. Lakini hata nikiondoka mimi, wale pale watabaki." Akaonyesha dirishani.

Tuliinuka kutazama. Nje ya geti walikuwa wamesimama waigizaji wetu, wazee kwa vijana, mmoja mmoja kwa nafasi, kama sheria ya wakati ule ilivyotaka. Mama Kai alikuwa amewaambia tu kinachotaka kufanyika; kuja walikuja wenyewe. Mbele yao alikuwa Mzee Jefwa, ameshikwa mkono na Lynnette.

Bwana Randu alishuka. Tulimfuata.

"Bwana mkubwa," Mzee alisema, "mimi sioni, lakini nasikia naunzwa." Ulimi ulimteleza, akatabasamu, akasema tena, "Nauzwa. Na bado sijafa."

"Hatukuuzi wewe, Mzee. Ni michezo."

"Uso ni wa nani? Sauti ni ya nani?" Kisha akajinyoosha, akaitoa ile sauti ya puani tuliyokua nayo sote: "Leo Mwinyi Hatoi hatoi!"

Bawabu alikuwa wa kwanza kucheka. Akafuata mwingine, kisha geti zima, ndani na nje, watu wenye nusu mshahara na wasiwasi wa kesho wanacheka chini ya barakoa mpaka wanafuta machozi. Bwana Randu alijitahidi kukaza uso. Alishindwa.

Nampa haki yake: alirudi juu akaikataa ile posa siku hiyo hiyo. Kisha alikwenda mwenyewe kwenye chumba cha jenereta, akasimama mlangoni penye chaki. "Sasa tutakula nini, Mama Kai?"

"Makanisa yamefungwa," alimjibu. "Runinga yetu haijafungwa."

Tukaanza kurusha ibada na kwaya za mitaa, Jumapili hadi Jumapili. Familia za Mikindani na Changamwe zilivaa nguo za kanisani zikakaa mbele ya runinga, bila bando la mtu yeyote. Wauza unga na wauza mabati wakaja kulipia matangazo. Hatukutajirika. Nusu mshahara iliendelea kwa muda mrefu, na wako waliomnunia Mama Kai wakati wote huo. Lakini hakuna aliyefutwa kazi, na stoo ilibaki yetu.

Mwaka uliofuata Bwana Randu alimrudisha usambazaji akiwa mkurugenzi, na bodi ikakubali fungu la waigizaji. Mama Kai alirudi Mtopanga. Mzee Jefwa alisema "Ndiyo" moja, kisha akataka Lynnette amsomee kila neno la mkataba mara mbili.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya mitambo. Mhandisi wetu Vivian aliwekewa sharti gumu: mchezo uwe mwepesi, mtu aupakue mara moja penye mtandao wa bure, autazame popote bila bando. Vivian alilalamika kwamba hakuna mwingine anayefanya hivyo. "Ndiyo maana nakuomba wewe," Mama Kai alimwambia.

Zumari Mkononi ilizinduliwa Aprili 2024. Tulikuwa wa mwisho katika kampuni kubwa, na hatukujificha, tangazo langu lilisema, "Tumechelewa. Karibuni." Leo madereva wanaosubiri makontena bandarini Kipevu wanamtazama Mwinyi Hatoi kwenye viti vya malori yao, na kila mchezo humo una ruhusa ya mwenyewe.

Mzee Jefwa hakuiona siku hiyo. Alifariki mwaka mmoja kabla. Lynnette alikuja badala yake, akaketi mbele, na mchezo wa kwanza kuonyeshwa ulikuwa wa baba yake. Ukumbi ulipokuwa unacheka nilimkosa Mama Kai, nikamkuta nje ukutani, leso usoni.

"Hii ndiyo bei ya kuchelewa," aliniambia. "Siku moja ukiandika habari hii, Wafula, usiiandike kama ushindi mtupu."

Sikuiandika hivyo. Naongeza na hili, kwa sababu yeye mwenyewe hulitaja: mwigizaji wetu bora katika vijana, Judy, alichoka kutungoja, akafungua ukurasa wake mwenyewe, akaenda zake na watazamaji wake. Hajarudi. Hilo Mama Kai hakulitabiri, na linamuuma mpaka leo.

Lakini wanaotuuliza kwa nini tulichelewa, kwa sauti ile ya kutuhurumia, tunawajibu bila kuinamisha macho. Tulichelewa kwa sababu watazamaji wetu hawakuwa na bando la kuchezea. Tulichelewa kwa sababu runinga mliyoizika ilikuwa bado inatulisha. Zaidi ya yote tulichelewa kwa sababu kulikuwa na wazee wa kutembelewa, na chai ya kunywewa, na ruhusa ya kuombwa, na hayo hayafanywi mbio. Kama huko ni kulala, tunaomba tuzidishiwe usingizi.

Mama Kai, wafanyakazi wenzako tunakushukuru kwa kila "hapana" uliyoisema tulipokuwa tunataka kusikia "ndiyo". Tunakushukuru pia kwa kutotukumbusha.

Tumeambiwa unarudi Kaloleni kwenye minazi yenu, na kwamba umeshawaambia majirani wasimuuzie dalali hata nazi moja mpaka mkae pamoja mpange bei. Madalali, poleni. Mungu akupe afya, magoti yasiyouma, wajukuu wasiokuogopa, na ulimi ule ule. Uishi vyema, Mama, na ubishe vyema.

Bramwel Wafula
Idara ya Matangazo, Magongo